Karamu Isiyo na Samaki

Siku ya mia nne na kumi na mbili tangu ndege wa mwisho afe kwenye ndoana zetu, albatrosi mmoja alitua juu ya sitaha ya meli yetu, Lindi Mpya, akashindwa kuondoka.

Nilikuwa nakunywa chai. Nasema hilo ili ieleweke jinsi nilivyokuwa nimetulia. Mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kusini alikuwa amebakiza siku tatu atufikie. Akishafika angeitazama mashine yangu ikifanya kazi mara moja, aigongee muhuri, na meli zote sitini na tatu za ukanda wetu zingefungiwa ya namna hiyohiyo. Nilikuwa nimeshaanza kujizoeza kupokea pongezi bila kuonekana nazifurahia sana.

"Fundi," Asumini Nachilongo aliniita kutoka nyuma ya meli, "njoo umwondoe mgeni wako. Amekalia chambo changu."

Asumini ndiye aliyekuwa mtu wa chambo. Kila asubuhi yeye na wenzake watatu walivisha vibua, samaki wadogo wa chambo, kwenye ndoana elfu moja na mia mbili. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ishirini kati ya hiyo ameimaliza akikaanga samaki feri ya Mtwara, na hajawahi kumwogopa mtu kwa sababu ya shule yake. Mimi alinichukulia kama binti aliyesoma sana mpaka akasahau kula.

Albatrosi akiwa angani ni raha kumtazama. Mabawa yake yanafika mita tatu na hayapigi, anateleza tu juu ya mawimbi siku nzima. Akitua kwenye sitaha anakuwa kioja. Anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, na hawezi kuruka tena maana anahitaji nafasi ndefu ya kukimbilia. Dawa yake ni kumkumbatia, kumpeleka ukingoni na kumwachia upepo. Nilishafanya hivyo mara nyingi. Niliinama, nikajiandaa kubeba kilo tisa, nikainuka kwa nguvu, nusura nianguke chali.

Ndege hakuwa na uzito. Nilipapasa kifua chake chini ya manyoya nikakuta mfupa umesimama wima na pembeni yake hakuna nyama.

"Huyu ana njaa," Asumini alisema.

"Haiwezekani, mama. Bahari hii imejaa ngisi. Na kila siku yuko kwenye Karamu na wenzake, nawaona kwenye kioo cha kompyuta."

"Kwenye Karamu anakula nini?"

Kwenye Karamu hapakuwa na samaki hata mmoja.

*

Mambo yalikuwa hivi. Albatrosi waliobaki duniani walikuwa elfu sita na mia nne na kidogo, na kila mmoja wao alikuwa na pete mguuni. Pete ile ilisikiliza moyo wa ndege. Moyo ukisimama, Mamlaka walijua ndani ya dakika moja: ni ndege yupi, yuko wapi, na meli gani iko karibu naye. Sheria yenyewe, iliyoanza kazi baada ya kifo kile cha mwisho kwenye ndoana zetu, ilikuwa fupi kuliko sheria zote nilizowahi kusoma. Ndege mmoja akifa kwenye ndoana, meli inarudi nyumbani na haitoki tena. Wakifa watatu ndani ya mwaka mmoja, ukanda mzima unafungwa.

Na walikuwa wanakufa. Meli ya mshipi mrefu inamwaga nyuma yake kamba ya kilomita hamsini, na kwenye kamba hiyo zinaning'inia kamba ndogo zenye ndoana na samaki wa chambo. Kabla ndoana haijazama ndege anaiona, anaimeza, na mshipi unamvuta kwenda naye chini. Kazi yangu mimi, Siwema Ligonja, ilikuwa kutafuta namna ya kuwaita ndege waende kwingine.

Nikabuni Karamu. Ni vyombo viwili vinavyoelea, kila kimoja kina ukubwa wa kitanda, vinavyojiendesha kilomita moja na nusu kutoka melini, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vinatoa harufu. Albatrosi ananusa ngisi akiwa mbali sana, nami nilipika harufu ya ngisi maabara mpaka ikawa ya ngisi kuliko ngisi mwenyewe. Vinatoa na kelele za ndege wanaogombania chakula. Juu ya kila chombo kuna ndege kumi na wawili wa plastiki wanaopaa na kujitosa, kwa sababu ndege akiwaona wenzake wanajitosa anaamini pana kitu. Tukiviwasha, anga la nyuma ya meli linabaki tupu.

Tulimfunga yule ndege taulo nikamweka mapajani. Asumini alikuwa akimlisha vipande vya ngisi kwa koleo huku mimi nikiisoma pete. Namba 2207, jike, miaka kumi na tisa. Ramani ya safari zake ilifunguka kwenye kioo. Mwanzoni kulikuwa na mistari mirefu, kutoka kisiwani kwenda baharini na kurudi, kisha tena na tena, kama kawaida ya mama mwenye kinda. Halafu mstari mmoja ukatufikia sisi. Kuanzia hapo palikuwa na fundo tu. Kwa siku kumi na tisa alikuwa akizunguka chombo kimoja au kingine, anakaa juu ya maji, anasubiri. Tukizima anatufuata, tukiwasha anarudi kusubiri.

Kule kisiwani kuna kamera kwenye viota. Niliitafuta ya 2207. Kinda wake alikuwepo, bado hai, amelala ubavu, na upepo ulikuwa unacheza na manyoya yake.

Nilifungua kiota cha jirani, kisha cha tatu. Nilifungua viota themanini. Makinda thelathini na mmoja walikuwa wamekufa, na hakuna aliyepiga kelele kwa sababu kinda havishwi pete mpaka siku atakayoruka. Sheria ilikuwa inasikiliza mioyo yenye pete peke yake. Sisi nasi tulihesabu hiyohiyo, tukajipigia makofi.

Nililia. Sina namna ya kulipamba hilo. Nililia na ndege mapajani, na Asumini akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Sikujua."

"Sasa umejua," alisema, akachukua kipande kingine cha ngisi.

*

Nahodha Faraji Chilumba alinisikiliza akiwa amekaa, kidole chake cha shahada kimefungwa bandeji. Alikuwa ameshuka kumwona mgonjwa wetu, na 2207, baada ya kushiba kidogo, alikuwa amemng'ata.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Asumini."

"Basi meli nzima inajua." Alikigeuzageuza kile kidole. "Sheria inasema ndoana, Siwema. Haisemi njaa."

"Najua inavyosema."

"Nisikilize basi. Ukimwambia mkaguzi, ataikataa mashine. Akiikataa, tunarudi kutupa ndoana na ndege wakiwa nyuma yetu. Siku ya pili tunaua. Mwisho wa mwezi ukanda unafungwa. Kiwanda cha Mtwara kina watu elfu nne, na mke wangu ni mmoja wao. Na ndege wako watakuwa wameshakufa vilevile, kwa ndoana badala ya njaa. Sasa ukweli wako umemfaidisha nani?"

Nitakiri jambo baya kuliko yote niliyoyafanya mwezi ule: nilisimama pale nikitumaini atanipa sababu nzuri ya kunyamaza. Alinipa, na ilikuwa nzuri kweli.

"Tungeweza kuweka samaki wa kweli kwenye Karamu," nilijaribu.

Nahodha alicheka kidogo. "Meli sitini na tatu, kila siku? Tutakuwa tunavua ili tuwalishe ndege waliokuja kwa sababu tunavua."

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa. Asumini alisimama pale na ndoo yake.

"Mmemaliza kuuzika ukanda?" aliuliza. "Kama bado, shukeni kwanza mwone kitu kwenye pipa. Maiti haikimbii."

*

Lilikuwa pipa refu la plastiki angavu, limejaa maji ya bahari, ambalo tulilitumia kuoshea kamba. Mabaharia wote walikuwa wameshalizunguka. Asumini alitoa kibua kwenye friza, mgumu kama kuni, akamvisha kwenye ndoana, akamtumbukiza. Kibua alielea. Tulimtazama akielea kwa muda mrefu kiasi cha kutia aibu.

"Hivi ndivyo tunavyotupa," alisema. "Kila asubuhi, tangu mwaka jana."

Kisha akachukua kibua mwingine aliyekuwa amemweka juani akalainika. Alimtoboa tumbo kwa msumari, hewa ikatoka na kapovu. Akamvisha ndoana mkiani. Shubiri moja juu ya ndoana akafunga chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia, kizito cha kujaa kiganja. Alipomwachia, kibua alikwenda chini moja kwa moja, na tukasikia chubwi likigonga sakafu ya pipa.

"Zamani kila kamba ndogo ilikuwa na chubwi lake," Asumini alisema, akimwangalia Nahodha, si mimi. "Na chambo kilikuwa kinayeyushwa tangu siku ya nyuma yake. Halafu huyu mwanangu akaja na Karamu. Ndege hawapo. Nani atajisumbua? Machubwi yanaumiza mikono, tukayatoa. Kuyeyusha ni kazi, tukavisha barafu. Matumbo ya samaki tunayamwaga nyuma palepale tunapotupia mshipi, tunawapigia ndege kengele ya chakula. Mashine yake imetulemaza."

"Na hiyo zamani ndege walikufa, hata tukitupa usiku," Nahodha alisema.

"Walikufa kwa sababu tulikuwa tunafanya moja tunaacha mbili. Leo chubwi lipo, kesho limesahauliwa. Mimi tangu nipande meli sijaona siku moja ambayo tumefanya yote kwa pamoja, kwenye kila ndoana, bila kuruka hata moja."

Nilipata akili zangu hapo. Nilichukua saa na kamba ya kupimia kina, tukaanza kutupa vibua baharini. Albatrosi hajitosi kwa kina kirefu. Ndoana ikishafika mita kumi chini, imeokoka naye ameokoka. Kibua wa barafu baada ya sekunde arobaini alikuwa bado anaonekana kwa macho. Kibua wa Asumini alifika mita kumi kwa sekunde kumi na saba. Meli yetu inakwenda mita tano kwa sekunde, kwa hiyo ndoana ingekuwa salama mita themanini na tano nyuma yetu. Kilichobaki kilikuwa kuwazuia ndege kwenye hizo mita themanini na tano tu, na kwa hilo kulikuwa na njia ya kizamani: kamba mbili zinazotoka juu ya nguzo hadi baharini, zimefungwa vitambaa vinavyopeperuka. Ndege hapendi kupita chini ya vitu vinavyomchezachezea.

"Tukikosea moja," Nahodha alisema, "moja tu kati ya elfu moja na mia mbili, tumekwisha."

"Ndiyo."

Alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Nilivua miaka kumi na saba kabla ya mashine yako, Fundi. Nilikuwa nahodha. Siku hizi nimekuwa dereva." Akawageukia mabaharia. "Toeni machubwi stoo."

Tulifanya kazi siku mbili, watu kumi. Tulifunga machubwi elfu moja na mia mbili, na viganja vyangu laini vya maabara vikachubuka mpaka nikashindwa kushika kijiko. Asumini akanicheka, halafu akanifunga kitambaa. Makoti ya mvua ya machungwa yaliyochakaa tuliyakata vipande tukapata vitambaa vya kupeperusha. Karamu niliizima kwa mkono wangu. Ndege wake walikaa juu ya maji nusu siku wakisubiri, kisha wakainuka mmoja mmoja. 2207 tulimwachia upepo akiwa na ngisi tumboni wa kutosha yeye na kinda, na pete yake ikachora mstari ulionyooka kwenda kisiwani.

*

Mkaguzi alishuka kutoka kwenye ndege ya kutua majini akiwa amevaa viatu vilivyong'arishwa. Jina lake Gervas Mutalemwa, mtu wa Bukoba hasa, na hata akiomba maji ungedhani anafungua mkutano.

"Shikamoo, mheshimiwa," nilimwambia. "Kabla hujaketi, mashine uliyokuja kuikagua inaua."

Aliweka mkoba chini. Alisikiliza yote akiwa amesimama, akatazama viota themanini kimoja kimoja, hakuruka. Ilichukua karibu saa nzima na hakuna aliyemharakisha.

"Bi. Siwema," alisema mwishowe, "unafahamu kwamba hakuna sheria uliyoivunja?"

"Nafahamu."

"Na kwamba nikiikataa hii, mimi sina jingine la kuidhinisha, na itanilazimu kupendekeza ukanda ufungwe?"

"Tuna jingine. Halina umeme."

"Liko wapi?"

Asumini aliinua kibua aliyelainika, amening'inia kwenye ndoana na chubwi lake. Mheshimiwa alimtazama kibua. Kibua naye alimtazama mheshimiwa.

"Kesho," Mutalemwa alisema. "Mchana kweupe, na ndege wakiwepo wengi iwezekanavyo. Karamu itakuwa baharini mahali pake, imezimwa, na kidude cha kuiwashia kitakuwa kiunoni mwako ambako nitakiona. Ukikiwasha, nitaandika kwamba njia yenu imeshindwa na mashine imefaulu. Moyo mmoja ukisimama, nitaandika hivyo, na sitaandika kwamba mlijitahidi."

*

Saa mbili asubuhi tulianza kutupa. Jua lilikuwa kali na upepo wa kutosha, na baada ya robo saa walikuwa wamefika. Kwa siku mia nne sikuwa nimewaona karibu hivyo. Walikuja kutoka kila upande, mia mbili na zaidi, wakizipita nguzo zetu kwa ukaribu hata ukasikia manyoya, na mimi niliyewasoma miaka kumi na miwili nilisimama pale na hofu na furaha kwa pamoja.

Asumini alivisha, mwenzake akafunga, wa tatu akatupa, wa nne akahesabu kwa sauti. Kila kibua alipoanguka, ndege mmoja au wawili walimlenga. Vitambaa vya machungwa vilichapa hewa, ndege wakakwepa, wakazunguka, wakaja upya, na wakati huo kibua alikuwa ameshakwenda. Walikuwa wanatua juu ya maji matupu wanachungulia chini kama abiria aliyefika stendi basi limeshaondoka. Mia moja. Mia tatu. Mia sita. Mabaharia walianza kutaniana na ndege.

Ndoana ya mia tisa na saba iliharibu utani. Kamba yake ndogo ilijisokota kwenye kamba ya boya, mojawapo ya yale yanayoubeba mshipi. Chubwi likaning'inia hewani kwenye boya, na kibua akabaki juu ya maji, tumbo jeupe linang'aa. Alivuka mwisho wa vitambaa akiwa bado anaelea. Kijana mmoja wa albatrosi, mwenye rangi ya kahawia ya utoto, alimwona. Akageuza bawa.

"Siwema," Nahodha alisema kwenye kipaza sauti. "Washa."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kiunoni. Kubonyeza mara moja, zile kelele zingemfikia yule ndege kwa sekunde tano, naye angeinua kichwa na kwenda zake, mzima. Nilimwona waziwazi, niliona hata pete yake. Makinda watakaokufa mwakani kwa sababu meli sitini na tatu zimefungiwa mashine yangu hakuna aliyekuwa anawaona. Huo ndio ulikuwa uzito wote wa jambo lile, na niliuhisi kwenye kidole gumba.

Niliondoa mkono.

"Legeza mshipi, Nahodha," nilisema. "Winchi kasi yote, injini rudisha nyuma. Mshipi ukilegea utazama na kila kitu chake."

Angeweza kubishana. Angekuwa na haki. Badala yake nilisikia winchi ikinguruma, mshipi ukamwagika kwa mafungu, na meli ikatetemeka mwili mzima injini zilipogeuza. Ule mvuto uliokuwa umeishikilia kamba juu ya maji ukaisha. Boya lililala ubavu, likageuka, na kamba ndogo ikajifungua yenyewe. Chubwi lilianguka majini. Kijana wa albatrosi alifika na mdomo wazi, akaufunga juu ya maji ya chumvi, na kibua akawa ameshapita chini yake.

Ndege alitikisa kichwa kwa hasira, akapaa. Asumini alishusha pumzi ndefu, akavisha ndoana ya mia tisa na nane.

Mutalemwa alikuja akasimama kando yangu. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Kwa nini hukubonyeza?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza aliongea kama watu.

"Ningebonyeza leo, ningebonyeza kila siku."

*

Saa saba mchana tulianza kuvuta. Kutupa ni matumaini. Kuvuta ndiko kunakosema kweli, kwa sababu ndege aliyezama na ndoana anarudi nayo. Mkaguzi alisimama kwenye kituo cha kuvutia, akataka kuona kila ndoana kwa macho yake. Hatukubishana naye. Matumbo yote tuliyafungia kwenye mapipa, hata tone halikwenda baharini.

Jodari wa kwanza alikuja kwenye ndoana ya kumi na mbili. Akaja mwingine, kisha wawili kwa kufuatana, wanene, wanaong'aa mgongoni. Kumbe vibua waliokwisha kulainika na kuzama vizuri ndio hasa waliowapendeza samaki. Mwaka mzima tulikuwa tunawatupia barafu tukilalamika kwamba bahari imechoka. Ndoana ya mia tisa na saba ilirudi na kibua wake palepale mkiani, hajaguswa. Asumini alimtupa kwenye pipa la matumbo bila sherehe.

Jua lilikuwa bado liko juu ya upeo wa macho ndoana ya elfu moja na mia mbili ilipotoka majini, tupu. Mutalemwa alitoa simu yake ya Mamlaka, akaupigia Mnara unaosikiliza pete zote, akaiweka sauti ya kusikika na wote.

"Mnara, hapa ni Mkaguzi, Lindi Mpya. Asubuhi mlisikia mioyo mingapi?"

"Elfu sita na mia nne na tatu," mtu wa Mnara alijibu.

"Na sasa?"

Alianza kuhesabu, na nadhani sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule wakati ule.

"Elfu sita na mia nne na tatu, mheshimiwa. Wote."

Sijui nani alianza. Najua kwamba mtu wa injini alikuwa amembeba mpishi, kwamba Asumini alipiga kigelegele kirefu kilichowainua ndege waliokuwa majini, na kwamba nilijikuta nimemkumbatia Mheshimiwa Gervas Mutalemwa na mikono yangu ya chambo, naye akaniacha. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimeshindwa vibaya kuliko fundi yeyote ninayemfahamu, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Baadaye aliketi juu ya pipa lililogeuzwa akafungua karatasi zake. Kwenye ya kwanza aligonga muhuri mwekundu wa kukataa, akanipa kalamu, nami nikasaini chini ya jina la mashine yangu. Chini yake aliongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake, kwamba kuanzia msimu ujao makinda nao wahesabiwe. Ya pili ilikuwa tupu.

"Nahitaji jina la mbuni," alisema.

"Asumini Nachilongo," nilisema.

"Mimi?" Asumini aliifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nimetoboa samaki tu."

"Ndiyo," Mutalemwa alisema akiandika, "ndoana elfu moja na mia mbili, bila kuruka hata moja. Na meli sitini na mbili zitakuja kukuuliza ulivyofanya, kwa hiyo jiandae kusema polepole."

Nahodha alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha usukani, kofia nyuma ya kichwa, akiwatazama albatrosi waliokuwa bado wanatuzunguka. Kwa miaka mingi kabla yangu, meli zilitupa mishipi gizani kwa kuwakimbia. Wakati wangu tuliwadanganya.

"Fundi," aliniita. "Kesho tunatupa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," nilimwambia. "Wakiwepo wote."